Miguu Isiyotawadhwa

Kila baada ya miezi mitatu Gesare Omwenga aliugua ugonjwa wa siku moja. Ulianza Ijumaa jioni, Sabato ikiingia, ukaisha Jumapili asubuhi alipofunua cherehani yake barazani pa duka la vitambaa, mjini Migori. Mara ilikuwa tumbo, mara malaria, mara kichwa kilichompasuka upande mmoja tu. Malaria hiyo ilijua kalenda ya kanisa kuliko karani wa kanisa mwenyewe, maana haikuja Sabato nyingine yoyote ila Sabato ya Meza ya Bwana, na waumini wenzake walikuwa na macho.

Wasabato hawali meza hivi hivi. Kabla ya mkate na divai, watu hutawadhana miguu. Wanaume huenda chumba chao na wanawake chao, wawili wawili. Mmoja anakaa, mwenzake anapiga magoti na beseni na taulo, anamwosha, kisha wanabadilishana, wanaombeana na kukumbatiana. Na kwa kuwa ni vigumu kumshika mtu miguu huku umemwekea kinyongo, wenye kugombana hupatana kwanza. Hapo ndipo ilipozaliwa imani moja ambayo hakuna mchungaji aliyewahi kuihubiri, lakini kila mama pale Migori aliijua: anayekwepa beseni ana neno na mtu. Na kama umetawadhana na mtu yule yule miaka kumi na mmoja, kisha ghafla ukaacha, hakuna haja ya kwenda kwa mpiga ramli. Neno unalo naye.

Mtu huyo alikuwa Kezia.

Kezia alikuwa Mjaluo, mke wa mwalimu wa shule ya msingi. Gesare alikuwa Mkisii aliyekuja Migori na mume fundi, mume akafa, akabaki yeye na cherehani. Walijuana siku Kezia alipoleta kitambaa cha maua ya zambarau ashonewe gauni la Sabato. Mmoja hakujua Kijaluo cha kutosha, mwingine hakujua Kikisii hata cha kuombea maji, basi wakaelewana kwa Kiswahili cha kuungaunga, na kwa kucheka palipopungua maneno. Gesare alimwita Min Roseline, kwa jina la bintiye mkubwa, na Kezia akamwita Mama Onchiri, kwa jina la mwanawe wa pekee aliyekuwa akifanya kazi Nairobi.

Kezia hakuwa na mikono laini. Ilikuwa mikono ya jembe na ya kusugua sufuria, na miguu ya mtu aliisugua vivyo hivyo, kisigino hadi kidole, akinung'unika wimbo. Gesare alikuwa mjane. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyemgusa ila kumpa mkono wa salamu. Alingoja mikono ile robo mwaka nzima, akaipata kwa dakika tano, akaanza kungoja tena. Hakuona haya kwa hilo. Mtu hutamani anachokosa.

Halafu mwaka wa tisini na mbili vidole vikaanza.

Kwanza miguu ilimwaka moto usiku kama iliyokanyaga majivu. Baadaye moto ukapoa, na kupoa kwenyewe hakukuwa na raha, kwa sababu sakafu aliyoikanyaga ilikuwa kama imetandikwa pamba. Kisha vidole vyenyewe vikaanza kupanda juu kwenye shina na kujikunja kwenye viungo, mguu wa kulia ukitangulia na wa kushoto ukifuata, mpaka vikawa kama vya kuku aliyeshika kijiti. Viatu vilimchubua mgongoni pa kila kidole. Akaacha patipati, akaacha sandali, akawa anavaa raba zilizofungwa na soksi, jua liwake au mvua inyeshe. Walipomuuliza, alisema kukanyaga pedali ya cherehani kunataka kiatu kigumu.

Vidole vya namna hiyo alikuwa amewahi kuviona kwa mtu mmoja tu. Alipokuwa mtoto huko Kisii, ndugu wa babake, Mochama, aliishi ng'ambo ya kijito peke yake. Chakula chake kiliwekwa juu ya jani kando ya maji, naye akija kukichukua watoto waliitwa ndani. Gesare aliwahi kuchungulia. Aliona mguu uliokanyaga jiwe, na vidole vimejikunja. Mamake alimchapa kwa kuchungulia, kisha akamwambia neno lenyewe: ukoma.

Kwa hiyo hakwenda kwa daktari. Ya nini kwenda kuambiwa unalolijua? Alishona, alivaa soksi zake, na akakata shauri moja, kwamba mikono ya Kezia haitagusa miguu ile. Aliona ni upendo. Pengine ulikuwa upendo kweli, lakini ulikuwa na ulimi uliokatwa, na upendo usiosema hudhaniwa kitu kingine.

Sabato ya kwanza aliyougua, Kezia alikaa na beseni mbele yake mpaka maji yakapoa. Gesare aliambiwa hivyo na watu wawili tofauti, kila mmoja akitazama uso wake aone atakavyolipokea jambo hilo. Sabato ya pili ya Meza alipougua tena, Kezia alikuja mwenyewe Jumapili yake, na samaki mkubwa kwenye karai. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akakohoa, akaungama.

"Mama Onchiri, ni mimi nilisema kwa kwaya sauti yako inakaa kama jembe likigonga mawe. Nilimwambia mke wa mzee wa kanisa. Nisamehe."

Gesare karibu acheke. Hakuwa amelisikia neno hilo, na zaidi ya hapo lilikuwa kweli. Alitaka kuinuka amkumbatie mwanamke yule aliyekuja na samaki na dhambi yake ndogo. Badala yake alivuta miguu chini ya cherehani.

"Sina neno na wewe, Min Roseline."

"Basi Sabato ya Meza utakuja?"

"Nitakuja."

Hakuja. Na baada ya hapo hakukuwa na namna ya kulieleza jambo. Mtu ameungama, umemwambia umesamehe, kisha umekwepa beseni lake tena mbele ya kanisa zima: huyo umemfanyia nini kama si kumwambia kwamba msamaha wako ulikuwa wa mdomo? Kezia hakurudi na samaki. Januari ya tisini na nne mumewe alihamishiwa shule moja Homa Bay, na siku ya kuwaombea waende salama, Kezia aliwakumbatia akina mama wote mstarini. Alipomfikia Gesare alimpa ncha za vidole.

"Oriti, dada," alisema. Kwaheri. Hakumwita Mama Onchiri.

Gesare akabaki Migori na ugonjwa wake wa siku moja, akaugua robo baada ya robo ingawa sasa hapakuwa na wa kumkwepa. Mwanamke mwingine angeshika mahali pa Kezia, lakini yeye hakumtaka mwingine, na miguu isingeruhusu hata angemtaka. Alimkumbuka Kezia kwa vitu visivyo na maana. Mteja akileta kitambaa cha zambarau, alikosea vipimo. Akipita mwuza samaki, alisikia ile sauti ikikohoa kabla ya kuungama. Jioni nyingine alijikuta amekunja mikono na kunung'unika ule wimbo wa kuoshea miguu, na jembe lake likagonga mawe hasa, akanyamaza. Kati ya Migori na Homa Bay hakuna bahari. Ni safari ya asubuhi moja tu. Lakini kwa Gesare ilikuwa mbali kuliko Nairobi alikokuwa mwanawe, kwa sababu Nairobi angeweza kwenda, na akiulizwa habari angejibu.

Ikapita miaka miwili na nusu. Sindano ndiyo iliyomtoa.

Ilikuwa Julai ya tisini na sita. Alikuwa akishona sare za shule, pedali ikienda, naye akiimba moyoni, wakati Tima alipotoka dukani na kusimama ghafla. Tima alikuwa mke wa Abdurahman mwenye duka la vitambaa, watu wa Lamu waliofika Migori na marobota yao wakakaa. Alinyoosha kidole sakafuni. Chini ya pedali kulikuwa na damu, nyayo baada ya nyayo, tangu bombani alikokwenda kuchota maji hadi kwenye kiti. Sindano ya cherehani iliyovunjika ilikuwa imeingia kwenye raba na kuzama nyamani nusu yake. Gesare alikuwa ameitembelea asubuhi yote bila kujua.

Tima alimwingiza nyuma ya duka, akafunga pazia, akamwambia avue. Gesare alikataa. Tima akasema yeye si wa kanisa lao, hana wa kumpelekea habari, na miguu kwao ni kitu cha kuoshwa mara tano kwa siku, haimtishi.

"Dadangu, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Vua."

Akavua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu na nusu mtu mwingine kuiona miguu ile. Tima aliing'oa sindano, akafunga jeraha kwa kipande cha marekani, akatazama vidole, kisha akasema aende hospitali kesho yake. Hakutoka mbio. Gesare aliliweka hilo moyoni.

Alikwenda, lakini si hospitali ya karibu. Alichagua zahanati ya misheni iliyokuwa Homa Bay, iliyojulikana kwa wagonjwa wa ukoma. Alijiambia ni kwa sababu huko hakuna anayemjua. Huo ulikuwa uongo wa kitoto, maana Homa Bay ndiko alikokaa mtu mmoja aliyemjua kuliko wote, lakini mwache ajidanganye. Bila uongo huo asingefunga safari.

Aliyempokea alikuwa tabibu, Mkuria wa Kegonga, jina lake Werema, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimtaka alale kitandani na kufumba macho, akamwambia aseme ndiyo kila atakapoguswa. Gesare alingoja. Alisikia mwuguzi akipita, akasikia chuma kikianguka kwenye bakuli, akangoja tena. Hatimaye aliuliza ataanza lini. Werema akamwambia afumbue macho. Miguu yote miwili ilikuwa na nukta za wino wa kalamu, kumi na zaidi, toka vidoleni hadi juu ya kifundo.

"Ni ukoma," Gesare alisema. Alilisema yeye mwenyewe, ili asisemewe.

Werema alimtazama ngozi mgongoni na mikononi akitafuta mabaka, hakuona. Alimpapasa nyuma ya kiwiko na pembeni ya goti, kama neva zimevimba, hazikuvimba. Alichuna kidogo kwenye ndewe ya sikio apeleke maabara. Halafu akaanza kuuliza mambo ambayo Gesare aliona hayahusiani na miguu: anaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo, ana kiu kiasi gani, gauni limemlegea? Alimpa kikopo. Mkojo ulichanganywa na dawa ya buluu kwenye kijichupa, ukachemshwa juu ya moto wa spiriti, na Gesare akaona buluu ikigeuka kijani, kijani ikageuka manjano, mwisho ikawa rangi ya tofali.

"Una sukari, mama," Werema alisema. "Tena umekaa nayo miaka."

Akamweleza polepole, akiushika mguu wake kama kitu cha thamani. Ndani ya wayo kuna misuli midogo ambayo kazi yake ni kuvilaza vidole chini. Misuli hiyo huamriwa na neva, na sukari ikizidi damuni miaka na miaka huziharibu neva, za mbali kwanza, ndiyo maana huanzia miguuni. Misuli midogo inapolala, ile mikubwa inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu na muundi inabaki ikivuta peke yake. Ni kama mashindano ya kuvuta kamba, upande mmoja umekwenda nyumbani. Kidole kinapanda kwenye shina na kujikunja kwenye viungo, na kwa kuwa mguu hausikii, kiatu huchubua juu na ardhi hupiga chini, mwenyewe hana habari. Si vidole vinavyofanya watu wakatwe miguu, alisema. Ni vidonda wasivyovisikia.

Gesare aliuliza kama vitanyooka.

Werema alishika kidole kimoja kimoja akikivuta taratibu. Viwili vya kushoto vilikubali. Hivyo, alisema, atavivuta hivi kila asubuhi na jioni, na atajizoeza kuokota kitambaa sakafuni kwa vidole. Vingine vimeshakakamaa, vitabaki hivyo. Yupo daktari wa kupasua anayepita mara mbili kwa mwaka, huweza kukata kano na kunyoosha kidole, lakini hamgusi mtu mwenye sukari ya rangi ya tofali, kwa kuwa jeraha halitafunga. Kwanza vidonge, kwanza chakula, kwanza kidonda hiki cha sindano kipone. Na kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, macho yafanye kazi ya ngozi.

Kisha, akimfunga bendeji, akasema jambo ambalo Gesare hakulitarajia.

"Na hata ungekuwa ukoma, mama, siku hizi ni vidonge tu. Mtu akianza kuvimeza hamwambukizi mwenzake."

Gesare alitoka akakaa kwenye benchi la ukumbini, vidonge mkononi. Alimlilia Mochama, aliyekula kwenye jani. Halafu akajililia mwenyewe. Miaka mitatu na nusu alikuwa amejitenga ng'ambo ya kijito, na hakuna aliyempeleka huko ila yeye.

Ungedhani sasa angekwenda moja kwa moja kwa Kezia. Hakwenda. Alikuwa na sababu nzuri, kidonda hakijapona. Aliporudi baada ya wiki mbili kubadilishwa bendeji na kuambiwa kwamba maabara haikuona ukoma, alikuwa na sababu nyingine nzuri, amechelewa. Lakini njia ya kutoka zahanati alijikuta akiizungusha mpaka kwenye ua wa miti wa ile shule ya mume wa Kezia, nyuma ya nyumba za walimu. Pale pengo la ua lilipoachia, aliona kamba ya nguo. Kulikuwa na mashati ya mwanaume, leso mbili, na gauni la zambarau. Maua yalikuwa yamepauka karibu yote, na upindo ulikuwa umeshushwa na kushonwa tena kwa mkono, vibaya. Vidole vyake vilimwasha avuke aurudie ule upindo. Akasikia mlango ukifunguka, akaondoka upesi kadiri bendeji ilivyomruhusu. Alifanya hivyo safari tatu, na kila safari gauni lilikuwa linavaliwa bado.

Mwishoni mwa Septemba kidonda kilikuwa kimefunga na dawa ya buluu kwenye kijichupa ilikuwa inaishia kijani. Werema akampeleka uwanja wa nyuma kwa Gichana, fundi viatu wa zahanati. Gichana alimpima kwa kamba, akamtengenezea sandali: chini tairi, juu mpira laini mweusi, kishikizo kipana cha kufungia, na mahali pa vidole pana kiasi kwamba hakuna kitakachovigusa mgongoni. Nyuma kidogo ya shina la vidole aliacha kinundu cha mpira, ili wayo ulalie hapo na vidole vipate nafasi ya kushuka. Gesare alisimama juu yake, akaona vile viwili vya kushoto vinagusa chini. Alifurahi kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akakumbuka kwamba pale Homa Bay kila mtu aliyafahamu makubadhi hayo meusi, na jina lake lilikuwa moja: viatu vya wakoma.

Aliuliza kama hayawezi kuwa ya namna nyingine.

"Mama, sina kiolezo kingine," Gichana alisema. "Ukitaka urembo nenda soko. Ukitaka mguu, chukua hii."

Akachukua. Ilikuwa Ijumaa. Alilala kwenye chumba cha wageni wa zahanati, na hakuugua. Kesho yake ilikuwa Sabato ya mwisho ya robo, na hakuhitaji kuuliza mtu kama kanisa lililo nyuma ya ile shule lingeandaa Meza.

Alikaa benchi la nyuma kabisa, miguu chini ya kiti. Hakusikia mahubiri. Mzee wa kanisa alipotangaza kutawadhana, wanaume wakaelekea madarasani na wanawake chumba cha kando, Gesare akafuata wanawake. Kule hapakuwa na pa kuficha. Mabeseni yalipangwa ukutani, watu walivua viatu, macho yakashuka. Benchi alilokalia lilipata nafasi pande zote mbili, watu wakijisogeza. Alitazama uso baada ya uso, na uso alioutafuta haukuwemo. Akamwendea bibi mzee aliyegawa taulo, akamuuliza mke wa mwalimu, anayeitwa Kezia, yuko wapi.

"Huyo hutampata huku," bibi alisema, akiangalia makubadhi. "Tangu wakuje hapa hajatawadha hata siku moja. Anasema kuna mtu Migori ana neno na yeye, na Bwana alisema uache sadaka yako hapo kwa madhabahu uende upatane kwanza. Sasa huyo mtu hataki kupatana. Mwalimu amechoka kumwambia."

"Hali meza?"

"Hali. Anakaa tu huko ndani akingoja tumalize."

Gesare alishika ukingo wa beseni. Alikuwa amehesabu njaa yake mwenyewe, robo baada ya robo, akijiona yeye ndiye aliyefungiwa nje ili mwingine apone. Hakuwahi kuwaza kwamba huko alikomweka Kezia mbali naye kwa usalama wake, Kezia alikuwa amekaa na njaa ile ile, tena bila kujua kosa lake. Aliomba taulo. Akainua beseni la maji, akalibeba hadi ndani ya kanisa.

Kezia alikuwa peke yake kwenye benchi la mbele, ndani ya gauni la zambarau. Mkate ulikuwa mezani, umefunikwa kitambaa cheupe. Aligeuka aliposikia maji yakicheza kwenye beseni, akamwona aliyelibeba, na uso wake ukafunga.

"Nimekuja kukutawadha," Gesare alisema.

"Sasa hivi."

"Sasa hivi, Min Roseline."

Kezia akamuuliza, kwa sauti ya chini kwa kuwa walikuwa kanisani, kama alikuwa amepata hilo neno alilokuwa nalo. Yeye Kezia alikuwa amelitafuta usiku mwingi. Alipekua kila alichowahi kusema, kila chungu alichoazima, alimwandikia hata mke wa mzee wa kanisa amuulize. Angeambiwa tu angeomba msamaha.

Gesare hakuwa na maneno ya kutosha kwa Kiswahili wala kwa Kikisii. Aliketi, akafungua kishikizo cha kulia, akafungua cha kushoto, akavua soksi, akaiweka miguu yake mitupu kwenye saruji mbele ya Kezia. Kisha akasema yote kwa mara moja: Mochama, jani, raba, sindano, kalamu ya Werema, sukari. Akasema alidhani ni ukoma na alidhani angemwambukiza.

Kezia aliitazama ile miguu. Aliposema, hakuwa akilia. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake.

"Sasa ulifikiria nini? Eti nitakukimbia?"

"Niliogopa hutakimbia."

Kezia aliinama akavuta beseni kwake, na Gesare alipotaka kupiga magoti kwanza, kama alivyokuja kufanya, akasukumwa begani arudi kitini.

"Kaa, Mama Onchiri," alisema. "Wewe ndiye umekuja mbali."

Akaingiza mkono kwenye maji kuona kama ni ya moto, akapiga magoti, akaupandisha mguu wa kulia pajani pake. Akaanza kisigino, kama zamani, kisha akaja juu ya wayo, kisha akafika vidoleni, akapunguza nguvu. Wimbo ukatoka puani mwake, ule ule. Gesare alifumba macho. Alikuwa ameingoja dakika hii tangu mwaka wa tisini na tatu, akaifungulia mwili mzima mlango.

Haikuingia. Alisikia maji yakidondoka, alisikia wimbo, alisikia uzito wa mguu wake ukilalia paja la mwenzake, lakini mikono yenyewe hakuisikia. Kezia alikuwa akiosha, na chini ya kifundo palikuwa kimya. Alifumbua macho, akaona vile vidole vigumu vya Kezia vikipita juu ya vidole vyake vilivyojikunja, kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao. Akaona kwamba akiangalia pembeni hata kidogo, hata hicho atakikosa.

Kezia aliona machozi yakimdondoka, akaacha. "Nakuumiza?"

"Hapana. Sisikii kitu, Min Roseline. Miguu imekufa ganzi. Niambie tu umefika wapi."

Kezia alibaki na mkono ndani ya maji. Kutoka chumba cha kando akina mama walikuwa wamemaliza na walianza kurudi wawili wawili, wakawaona, wakasimama mlangoni. Hakuwatazama. Alisogea karibu, akakishika kidole kidogo kabisa kwa vidole viwili.

"Hiki ni kile kidogo," alisema. "Nakiosha juu, hapa kiatu kilikuchubua. Sasa naingia katikati. Sasa nimefika cha pili yake."

Gesare akaitikia kwa kichwa, na Kezia akaendelea kumwambia, kimoja baada ya kingine, mpaka vikaisha vyote kumi.